Kengele Iliyonyamaza Asubuhi

Kwa kukandika ukuta, Anyesi hakuwa na mpinzani kuanzia Kikuyu, hapo hapo Dodoma, mpaka njia ya Hombolo, na hilo alilijua mwenyewe kupita kiasi. Wanawake wengine walikandika ili upepo usiingie. Anyesi alikandika ili wapita njia wasimame. Udongo aliukanda kwa miguu, akatia samadi ya ng'ombe kwa kipimo alichokijua yeye tu, kisha akaupaka kwa kiganja, akipita na kurudia mpaka nyumba ya tembe iliyokuwa imetoa mbavu nje ikawa laini kama shavu la mtoto. "Ukuta unaoonyesha fito zake unamwaibisha mwenye nyumba," alipenda kusema. Basi fito, kamba, vigingi, chochote alichokikuta ukutani alikizika, na kikishazikwa hakionekani tena.

Sifa hizo ndizo zilizompeleka kwa Wadachi. Reli ilikuwa imefika Dodoma miaka miwili nyuma, na pamoja na reli akaja mjenzi mmoja wa madaraja ambaye watu walimwita Bwana Madaraja, jina lake la kwao likiwashinda kulitamka. Alijenga nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la bati, akamleta mkewe, Bibi Hedwiga. Anyesi aliitwa kukandika jiko, akakandika, akaambiwa abaki kumhudumia Bibi. Mumewe, Matonya, akapata kazi papo hapo ya kuchota maji, kupasua kuni na kulinda ua. Walikuwa na binti mmoja, Ruthu, anayetambaa, na walipendana kama watu wazima wanavyopendana, yaani kwa kugombana kidogo kila siku wasije wakasahau.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bibi Hedwiga alipoanguka ngazini akavunjika nyonga. Daktari wa reli akamfunga mbao, akamwamuru alale asinyanyuke mpaka aruhusiwe. Jiko lilikuwa ng'ambo ya ua, na sauti ya Bibi haikuweza kufika. Hapo Bwana Madaraja akaagiza kengele ya umeme.

Kengele hiyo ilikuwa ajabu ya mji. Kulikuwa na chupa tatu kubwa za kioo zilizowekwa stoo, kila moja ikiwa na maji ya dawa na kijiti cha zinki. Ndizo betri. Kutoka kwenye chupa, nyaya mbili zilizoviringishwa nyuzi za pamba zilipita chini ya paa, zikaingia chumbani kwa Bibi, zikashuka ukutani hadi kwenye kidude cha kubonyeza kando ya kitanda. Bibi akibonyeza, kengele inalia jikoni kwa Anyesi. Watu walikuja kutoka mbali kuisikiliza, wakaondoka wakisema Wadachi wamemfunga nzige ndani ya kopo. Ufunguo wa stoo alipewa Anyesi, kwa sababu humo pia mlikuwa na sukari.

Mvua zikaja. Paa likavuja, na ukuta wa chumbani kwa Bibi ukamomonyoka vipande vipande mbele ya macho yake, naye mgonjwa wa kulala hana pengine pa kutazama. "Anyesi," alisema Bibi kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "mimi nataka ukuta mweupe. Mweupe sana." Anyesi alilipokea ombi hilo kwa furaha. Alikwenda kwao Bahi, akarudi na udongo ambao hakuwa ameuleta Dodoma kabla, akakandika chumba kile kazi ya kufa mtu. Kilipokauka, Bibi alimshika mkono akaushikilia, na Anyesi akatembea ua mzima siku ile kama aliyepewa ng'ombe.

Basi haukupita muda mrefu, kengele ikaanza ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kiajabu. Asubuhi Bibi anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kengele inakohoa mara moja, kimya. Jua likishapanda, mchana wa joto, inalia vizuri kama haikuwahi kuugua. Kesho yake asubuhi, kimya tena. Bwana Madaraja akabadili maji ya dawa. Ikapona siku chache, ikarudia. Jikoni watu wakaanza minong'ono kwamba kuna mtu anaitembelea usiku.

Asubuhi moja Bibi alihitaji maji. Akabonyeza, akabonyeza. Anyesi alikuwa jikoni akipepeta mchele, masikio wazi, na hakusikia lolote. Bibi akajaribu kuyafikia maji mwenyewe. Walimkuta chini sakafuni, uso umemtoka damu, midomo imekauka, analia kimyakimya kama mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kusikiwa.

Bwana Madaraja alirudi kutoka kazini kama moto wa nyika. Akafungua stoo, akavitoa vile vijiti vya zinki majini. Vilipoletwa vilikuwa vinene kama kidole gumba. Sasa vilikuwa vyembamba kama mswaki uliotumika, na kimoja kimekatika. Akatoka navyo uani, akaviinua.

"Nani anakwangua chuma changu?"

Kila mtu pale alilielewa swali. Wagogo na bangili ni watu na ndugu. Nyaya za simu zilikuwa zimekwisha kuwatia wengi matatani, na hakuna Mdachi ambaye hakuwa na hadithi ya waya uliopotea njiani ukaonekana mkononi mwa mtu. Anyesi alifungua mdomo kusema kwamba stoo hufungwa, na kwamba ufunguo uko kwake. Kabla neno halijatoka, Matonya akaweka chini mtungi wa maji.

"Ni mimi, Bwana."

 Askari akaitwa, Matonya akapelekwa bomani. Bwana mkubwa wa boma alikuwa safarini Kilimatinde, na ilijulikana kwamba akirudi tu, mwizi wa chuma atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha atatiwa kwenye mnyororo kwenda kupasua mawe ya reli. Wapo waliokwenda kupasua mawe hayo wakarudi. Wapo ambao wake zao walikuwa bado wanawangoja.

Na Anyesi? Anyesi alikasirika. Ningependa kusema alilia, lakini alikasirika. Alikumbuka kwamba dada yake Matonya alikuwa karibu kuolewa, na kwamba Matonya alimwahidi bangili nyeupe. Kumbe ndizo hizi! Akamwona kichwani mumewe akimwibia ufunguo usingizini, akijipenyeza stoo, akikwangua kwa kisu. Bibi wa watu ameanguka, yeye mwenyewe anatazamwa kwa jicho la pembeni, mtoto atakua bila baba, kwa ajili ya bangili! Majirani wakamwambia siku za mwizi ni arobaini, naye akaitikia kwa uchungu. Siku ile hakupeleka chakula bomani. Alipika, akala na Ruthu, sufuria akaifunika kwa kishindo.

Kesho yake akaja fundi wa simu.

Aliitwa Mbwana, mtu wa Kondoa, Mrangi, mrefu, kanzu yake imekunjwa na kuchomekwa kiunoni, begani ana mfuko wa ngozi uliojaa vyuma. Kazi yake ilikuwa kufuata nyaya za simu kando ya reli na kuzitibu. Stesheni ilimtuma alete zinki mpya, azitie, aondoke. Kwa wengine ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

"Hodi, dada. Mbukwa!" alisema kwa Kigogo cha kuazima.

"Mbukwa," alijibu Anyesi bila kuinua uso. Akamfungulia stoo.

Mbwana akavikuta vile vijiti vilivyoliwa kwenye rafu. Akakishika kimoja, akakigeuza, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakaa nacho muda ambao Anyesi aliona ni mrefu.

"Wanasema nani amevikata?"

"Mume wangu. Amekiri mwenyewe."

"Kwa kisu?"

"Nitajuaje? Mimi si mwizi mwenzake."

Mbwana hakuudhika. "Dada, nimeona waya mwingi uliokatwa na watu. Kisu huacha kidonda, tupa huacha mikwaruzo. Tazama hiki. Vitundu, na pande zote sawasawa, kama mfupa uliofyonzwa. Hakikukwanguliwa hiki. Kimeliwa na kazi."

"Kazi gani? Bibi hubonyeza mara chache tu kwa siku."

"Hilo ndilo ninalojiuliza na mimi." Akakirudisha rafuni. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Huyo mumeo amekula?"

Anyesi akageuka akaanza kupanga sukari rafuni.

"Hata mwizi hula, dada," alisema Mbwana. "Na huyu mimi sijaona bado kama ni mwizi."

Neno lile lilimwingia. Mchana huo alipeleka ugali na mlenda bomani. Askari hakumruhusu kumwona Matonya. Alikipokea chakula tu, akamwambia aende zake.

Mbwana angeweza kuondoka. Hilo ndilo Anyesi alilolirudia kwa watu maisha yake yote: angeweza kuondoka! Hakuwa ndugu, hakuwa wa dini yake, hakuwa hata mtu wa upande ule. Alitumwa kutia zinki, na zinki alikwisha kutia. Badala yake alikwenda kwa Bibi Hedwiga, akasimama mlangoni kwa adabu, akamwomba ruhusa ya kuitazama kengele siku mbili tatu. Bibi, ambaye uso wake ulikuwa bado umevimba, alimtazama mumewe. Mumewe akasema mwizi yuko bomani, kuna nini cha kutazamwa. Bibi akasema, "Mimi ndiye ninalala hapa. Atazame."

Mbwana akafunga stoo, akautia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, akaenda kulala stesheni. Asubuhi akarudi mvua ikinyunyiza. Akaufungua mlango mbele ya Bwana Madaraja na Anyesi. Kisha akamwomba Bibi abonyeze.

Kengele ikakohoa. Kimya.

"Matonya yuko bomani," alisema Mbwana taratibu, "na ufunguo nimelala nao. Mwizi wetu hapiti mlangoni."

Bwana Madaraja alivuta kiti akakaa, na ile ilikuwa dalili njema. Alikuwa mtu wa madaraja; alielewa kitu kikionyeshwa.

Mbwana akachomoa nyaya kwenye chupa. "Leo chupa zipumzike, zisishike waya wowote. Kesho tutaziuliza." Kesho yake akaunga nyuzi mbili za shaba kwenye chupa, akazigusisha ncha ya ulimi wake, akakunja uso, akacheka. "Njoo, dada, uonje." Anyesi akaonja, akaruka nyuma: uchachu mkali uliochoma ulimi! "Umeona? Chupa zimelala peke yake zikaamka na nguvu. Basi anayekula hayumo stoo. Yumo njiani."

Wakaifuata njia. Chini ya paa, nyaya ni nzima, nyuzi zake za pamba zimekaza. Pembeni mwa dirisha, nzima. Wakaingia chumbani kwa Bibi, na hapo Mbwana akasimama, akainua macho, akayashusha.

"Nyaya ziko wapi?"

"Zimo ndani," alisema Anyesi, na hata siku ile ya mashaka fahari kidogo ilimponyoka. "Nimezikandikia. Huwezi kuacha kamba zikining'inia kwenye ukuta wa mtu."

Mbwana akatoa msumari, akaomba radhi kwa Bibi, akakwangua kidogo kando ya kile kidude cha kubonyeza. Udongo uliodondoka ulikuwa na ubichi, kama umekandikwa jana, ilhali ulikuwa umekandikwa majuma mengi nyuma. Akaubana kwa vidole. Kisha, kwa mazoea ya ufundi wake, akaupeleka ulimini.

"Dada, huu udongo wa wapi?"

"Bahi. Udongo mweupe wa mbugani. Ng'ombe..." Anyesi akasita.

"Ng'ombe wanaulamba," alimalizia Mbwana.

Chumvi! Pale Bahi, maji ya mbuga yakikauka huacha ardhi nyeupe, na mama zao tangu zamani waliichuja wakapata chumvi ya kula na ya kuuza. Anyesi aliuchagua udongo ule kwa weupe wake, wala hakuwaza zaidi. Ukuta ni ukuta. Lakini chumvi huita maji. Kila usiku wa mvua ukuta ule ulikunywa unyevu, na ulipokunywa ulizilowanisha nyaya mbili zilizozikwa pamoja. Mbwana akaufunua waya mpaka chini: nyuzi za pamba zilikuwa zimeoza, shaba iko uchi, imeota ukungu wa kijani. Umeme ulivuka kutoka waya mmoja hadi wa pili kupitia udongo wenyewe, usiku kucha, bila mtu kubonyeza. Zinki ikaliwa bure. Jua lilipokausha ukuta mchana, chupa zikapumua, kengele ikalia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mbwana kwa sauti ya chini.

Anyesi alikitazama kiganja chake. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na mkono wake yeye, mkono uliosifiwa toka Kikuyu mpaka Hombolo. Mbwana alimwona, akamsogelea kama anayetazama waya, akanong'ona: "Naweza kusema ni unyevu tu. Ni kweli pia."

Njia hiyo ilimvuta, nisikufiche. Bwana Madaraja alikuwa amesimama mlangoni, na boma halikuwa mbali. Mnyororo uliokuwa ukimngoja mume usingeshindwa kumchukua mke. Lakini "unyevu tu" lilikuwa jibu jepesi, na jibu jepesi lingeweza kumwacha Matonya ndani. Anyesi akageuka.

"Bwana, ni mimi. Nilileta udongo wa chumvi nikazikandikia nyaya. Sikujua. Mume wangu hakugusa kitu."

 Kisha kutoka kitandani ikasikika sauti ambayo Anyesi hakuitarajia. Bibi Hedwiga alikuwa anacheka, huku ameshika nyonga yake kwa maumivu.

"Mimi nilisema mweupe," alisema Bibi. "Mweupe sana, nilisema. Ni mimi na wewe, Anyesi." Kisha akamgeukia mumewe kwa Kidachi, maneno machache, magumu. Bwana Madaraja akakuna kidevu, akaketi mezani kuandika barua ya kwenda bomani. Pole hakusema, wakubwa wa siku zile waliziweka pole zao mbali. Lakini barua aliiandika, na askari akaipeleka mbio.

Mbwana alitandika nyaya mpya juu ya ukuta, mbali na udongo, juu ya vigingi vidogo vya mti vilivyopakwa nta. Anyesi alizitazama zikining'inia waziwazi, macho yakamuuma, lakini aliziacha zilivyo. Alikimbia nyumbani, akarudi na kibuyu cha asali na kuku.

"Kaka, sina cha kukulipa."

"Kuku nitamchukua, asali nitaichukua," alisema Mbwana. "Na deni nitaliacha. Watu wa Kondoa tukisamehe kuku, nyumbani hatupokelewi." Akacheka, akaupachika mfuko begani, akashika njia ya reli kuelekea magharibi, kuku akipiga kelele kwapani. Anyesi alisimama mpaka alipopotea, na alimwombea Mungu kwa sauti, bila kujali anayemsikia.

Matonya alitoka bomani jioni hiyohiyo, vumbi kichwani, ndevu zimemea. Anyesi alimpokea njiani, Ruthu mgongoni. Walitembea kidogo, kisha hasira ya siku zote ikamfumuka.

"Baba Ruthu, una wazimu? Hukuiba! Kwa nini ulisema ni wewe?"

Matonya akatembea hatua kadhaa. "Ufunguo ulikuwa kwako peke yako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyeingia ni wewe." Alisema bila lawama, kama anavyosema kuni zimekwisha. "Nikasema labda ni kwa ajili ya bangili za dada yangu, maana nilimwahidi na sikuwa na kitu, na wewe ulijua. Nikaona, mwanamke hawezi hamsa ishirini. Mimi naweza."

Anyesi akasimama katikati ya njia. Siku zote zile naye alikuwa akimshuku mwenzake kwa kosa lile lile, ambalo mwenzake hakulitenda. Naye alilifanyia nini? Alipika, akala, akafunika sufuria.

"Na mimi niliamini ni wewe," alisema. Ilimtoka kwa shida.

"Najua. Siku ya kwanza chakula hakikuja."

"Nisamehe."

"Siku ya pili kilikuja," alisema Matonya. "Mlenda ulikuwa mzuri."

Ndipo Anyesi akalia, kilio kikubwa cha wazi, mpaka waliokuwa wakitoka mashambani wakasimama kuuliza nani amefariki. Matonya akawa anawapungia mkono wapite, akimsihi mkewe, "Nyamaza, Mama Ruthu, watasema nimekupiga." Hakunyamaza. Mbwana alimrudishia mume, na kwa hilo alimshukuru mpaka uzeeni; lakini miaka yote aliyokuwa akila na Matonya, akilala naye, akigombana naye, hakuwahi kujua ni mtu wa namna gani. Alimtoa mtoto mgongoni, akamkabidhi baba yake, kisha akatangulia kwenda kuwasha moto.